Goti Nililokunja

Clarisse, mwanangu,

Nimewaambia nalala kidogo kwa sababu mgongo unauma. Mgongo unauma kweli, ila silali. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nawasikia uani wewe na mama yako mkigombania sanduku: yeye anataka kuongeza unga, wewe unataka viatu vingine. Mwache ashinde. Mambo ya njiani, ya chakula, ya chandarua na baridi ya ziwani ameshakuambia yote, na kesho kabla lori halijaondoka atakuambia tena kana kwamba hujasikia kitu. Mimi sina cha kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na ninaliandika kwa sababu najijua: nikilisema kwa mdomo, nitalipamba.

Ni ile hadithi ya jeneza la Kabange.

Umekua nayo. Kila tulipokwenda kwenye kilio, wanaume wakishawasha moto nje na kupata bia kidogo, alikuwapo wa kuniambia, "Papa Numbi, tuambie ile ya sanduku." Nami nasafisha koo. Nasimulia jinsi rafiki yangu Kabange alivyokufa ghafla angali kijana, jinsi tulivyombeba, na jinsi jeneza lilivyokuwa zito tulipofika njia panda, likakataa kwenda makaburini, likageuka lenyewe na kutukokota hadi mlangoni kwa Mama Ngoie, mama yake mdogo aliyemlea. Basi mji mzima ukajua ni nani aliyemla kwa uchawi. Wewe ulikaa katikati ya miguu yangu, umeziba masikio kwa vidole na kuacha upenyo wa kusikilizia. Niliisimulia vizuri, lazima nikiri. Nilijua ni wapi pa kushusha sauti, na wapi akina mama wangesema "Yesu!"

Hadithi hiyo si ya kweli. Jeneza halikugeuka. Sisi ndio tuliogeuka.

Nianze mwanzo, nisije nikaruka kitu. Mama Ngoie alikuwa mjane asiye na mtoto wa tumbo lake. Kabange alikuwa yatima wa dada yake, na waliishi wawili katika nyumba ndogo nyuma ya reli, jirani na kambi ambako babu yako alipewa nyumba ya mfanyakazi. Mama yangu alipolazwa hospitali kwa muda mrefu, na babu yako yuko safarini na treni, nilikula bukari kwa Mama Ngoie. Hakuniuliza kama nimealikwa. Aliweka sahani yangu pamoja na zao, siku ya kwanza na siku zote zilizofuata.

Alikuwa mwanamke mrefu. Akitoka kisimani na ndoo kichwani alitembea wima, mikono inaning'inia tu, na sisi watoto tulimfuata nyuma tukisubiri maji yamwagike. Hayakumwagika. Akituona tumejikunja, kwa uvivu au kwa aibu ya kosa tulilofanya, alitwambia, "Simama muzuri." Hakusema kwa ukali. Alitaka tu kutuona uso.

Maneno hayo ulidhani ni yangu. Nilikuwa nakuambia kila nilipokupima urefu kwenye fremu ya mlango, nilipokuona unajikunja kwa sababu wavulana wanakucheka kwamba umekuwa mrefu kama nguzo. Nilikuambia na siku ile ulipovaa sare nyeupe ya uuguzi kwa mara ya kwanza. Ni maneno ya yule mwanamke ambaye nimekufundisha kumwita mulozi.

Tulipokuwa vijana, mimi na Kabange tulianza kwenda machimboni kwa siri kutafuta mawe ya shaba. Mama Ngoie alikuwa amekataza. Alisema mashimo yale yanawameza watu. Tukamdanganya kwamba tunakwenda mafungo ya kwaya, tukaenda kulala kwenye vibanda vya wachimbaji, tukanywa maji ya mtaro kama wenzetu wote. Mimi sikupata kitu. Kabange alianza kuharisha, kisha homa, kisha akawa anatetemeka hata juani.

Aliniomba nimrudishe nyumbani. Nikamwambia asubiri apate nafuu kwanza, maana akirudi vile Mama Ngoie atajua tulikotoka. Nikamficha kwenye kibanda pembezoni mwa mji, nikamnunulia vidonge barabarani, vya rangi mbalimbali, bila kujua ni vya nini. Wewe umesoma kazi hiyo, unajua vizuri zaidi yangu ni nini kingeweza kumponya. Nilipomfikisha mlangoni kwa Mama Ngoie alikuwa hanitambui tena. Alifia hospitali kabla hawajamaliza kumtundikia maji.

Watu walipouliza alikuwa anaumwa nini, nilisema hakuwa anaumwa. Nilisema ameanguka tu, ghafla, akiwa mzima. Nilidhani najikinga mimi peke yangu. Sikufikiri kwamba katika mji wetu kijana mzima hafi bila mtu kuulizwa. Kifo nilichokiacha bila sababu kilitafutiwa sababu, na kwa kuwa ni mimi niliyeifuta ile ya kweli, wakachukua iliyokuwa karibu: mjane mrefu, anayeishi vizuri, asiyezaa, aliyekuwa akimpikia.

Kilio kiliwekwa kwa baba mkubwa wa Kabange, maana ukoo wa baba ulidai maiti. Unajua mambo yanavyokwenda kijana akifa. Vijana wenzake wanauchukua msiba mikononi mwao. Tulifunga majani kichwani, tukaimba nyimbo za matusi, wazee wakaingia ndani na kufunga milango. Mimi nilipewa kubeba mbele, upande wa kushoto, kwa heshima ya urafiki.

Wewe hujawahi kubeba jeneza, kwa hiyo nikueleze. Likishakuwa mabegani mwa watu, mmoja akiyumba wote wanayumba, na kila mmoja anahisi amevutwa na kitu ambacho si yeye. Ndiyo maana watu wazima, wenye akili zao, wanaapa kwamba maiti aliwaongoza. Si wote wanaodanganya.

Tulipofika njia panda, nikasikia nguvu inatoka nyuma. Sijui ilikuwa ya nani. Nyuma wakaanza kupiga kelele: "Anakatala! Anakatala kwenda!" Na mwingine: "Tuonyeshe, Kabange! Tuonyeshe njo nani!" Njia ya makaburini ilikuwa mbele yangu, imenyooka. Kushoto kulikuwa na uchochoro wa Mama Ngoie. Nilijua pale pale, jinsi ninavyojua jina langu, kwamba aliye mbele akikaza miguu jeneza litasimama. Nikakunja goti la kushoto.

Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga shimo. Jeneza likainama upande wangu, nyuma wakalipuka kwa kelele, na tukaanza kukimbia. Nitakuambia na hili ambalo sijamwambia hata padri: nilisikia raha. Tangu Kabange afe nilikuwa nasubiri mtu aniulize tulikuwa wapi. Tulipoingia kwenye ule uchochoro, nilijua hakuna atakayeniuliza tena.

Mama Ngoie alikuwa nyumbani, kwa sababu kwao mama haendi kumwona mtoto akishushwa ardhini. Alisikia vurugu, akafungua mlango mwenyewe. Tukaligonga jeneza kwenye fremu. Wenzangu walikuwa wanamwita majina, wanamwambia apige magoti akiri. Hakupiga magoti. Alisimama mlangoni na kitenge cha msiba, wima, kama akiwa na ndoo yake. Aliliangalia jeneza, kisha akaniangalia mimi. Goti langu lilikuwa bado limekunjwa na upande wangu umeshuka, na tulimsikia Kabange akiteleza ndani, akigonga mbao.

Akaniambia, "Numbi, simama muzuri. Utaangusha mutoto."

Basi. Hakusema "si miye." Hakulia, hakutulaani. Katika hadithi yangu nimekuwa nikisema kwamba alikosa la kujibu, na watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Alijibu, Clarisse. Nyumba yake ilikuwa inataka kuvunjwa, na alichoogopa ni kwamba mtoto wake ataanguka.

Waling'oa mabati ya nyumba yake siku hiyo hiyo na kuchoma godoro lake uani. Baada ya mazishi tulikwenda baa, vijana wakaninunulia bia, wakanitaka nieleze jeneza lilivyonivuta. Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Nilipotoka huko Mama Ngoie alikuwa ameshapanda gari la samaki kwenda Kilwa, kule ziwani, kwa ndugu za mama yake. Sikumwona tena.

Watu wa mtaa wananiita muntu wa kunyoloka, mtu aliyenyooka. Umewasikia. Wamenipa uongozi wa shirika letu la parokia, wananiletea ugomvi wa ndoa na wa mipaka ya viwanja ili niamue, kwa sababu siongopi, silewi, na sichukui cha mtu. Ni kweli, tangu siku ile nimejitahidi kuwa hivyo, kwa bidii inayochosha. Hata kutembea nilitembea kifua mbele, mama yako alikuwa ananitania kwamba nimemeza ufagio. Lakini mtu anaweza kunyooka katika mambo mia madogo ili asiangaliwe katika lile moja. Mimi ndivyo nilivyoishi. Na ninachoweza kukuambia kuhusu maisha hayo ni kwamba ni ya upweke sana. Watu wanakupongeza, nawe unajua wanampongeza mtu mwingine.

Sasa mgongo umepinda. Miaka ya kulala chini ya malori nikifungua boksi za gia imeutafuna, na siku ile jeki ilipoteleza ukamalizika. Natembea naangalia vidole vyangu vya miguu. Usifikiri naamini kwamba ni adhabu. Nimejaribiwa kuamini, maana ingekuwa nafuu: ningesema nimeshalipa, nikanyamaza. Lakini nikianza kutafuta mkono wa mtu au wa marehemu nyuma ya pingili za mgongo wangu, nitakuwa narudia kosa lile lile. Mgongo ni mgongo. Niliuharibu kwa kazi. Lile jingine niliharibu kwa woga.

Nilifikiri uongo wangu umemdhuru mtu mmoja aliye mbali. Halafu ikaja siku ile ulipokuwa mdogo, ulipompiga jiwe yule bibi aliyeuza karanga karibu na shule, ukampasua paji la uso. Nilikuburuza hadi kwake ukaombe radhi. Njiani nikakuuliza kwa nini, nawe ukajibu, unalia, "Papa, iko anatembea muzuri sana, sawa mama wa hadithi." Bibi wa watu alikuwa na kosa gani? Kutembea wima na karai kichwani. Nilikuchapa kwa ajili ya jiwe hilo. Sikukuambia kwamba ni mimi niliyeliweka mkononi mwako.

Nilipaswa kusema siku hiyo. Nilisema nitasema ukikua.

Sasa umekua, unanipita urefu, na ukipita mlangoni unainamisha kichwa. Na bado nisingesema, kama si Papa Muhindo. Alipokuja kupanga safari yako ya kwenda kazini hospitali ya Kilwa, wewe ulikuwa unatuletea chai. Alikuwa anasifu lori lake na kulaani barabara ya Kilwa, kama kawaida yao wafanyabiashara wa Kivu, kisha akasema, "Kule kwenye samaki iko mama moja muzee sana. Akisikia gari inatoka Lubumbashi, anauliza swali moja tu: kama kuko mutu anapalilia kaburi ya mutoto wake, Kabange. Kila safari! Miye mutu wa Butembo, nitajulia wapi kaburi ya Kabange?"

Alicheka. Wewe ulisikia jina, ukasimama na sukari mkononi ukiniangalia. Nikaanza kuuliza bei ya mafuta.

Jioni ulinifuata jikoni ukaniuliza, "Papa, njo yeye? Ule mulozi? Akikuya hospitali, nitafanya namna gani?"

Nami nikakujibu, "Umuepuke, mama. Usimuguse."

Uliitikia "Ndiyo, papa" kwa heshima yako ile, ukarudi kukunja nguo. Mimi nikabaki pale jikoni. Nilikuwa nimemwambia muuguzi asimguse mgonjwa. Kabange alikufa kwa sababu nilimzuia asifike kwa mtu wa kumtibu, na sasa, mzee mzima, nilikuwa namzuia mama yake vile vile. Njia panda ile ile, na goti lile lile. Sijalala vizuri tangu hapo.

Juzi nilikodi pikipiki nikaenda makaburini. Mama yako nilimwambia nakwenda kwa daktari. Nilitaka nipalilie kwa mkono wangu, ili ukimkuta uwe na la kumwambia. Sikulipata kaburi, Clarisse. Tulimzika kwa haraka siku ile, tukiwa na hamu ya kurudi kwenye ile nyumba, na hatukuweka hata msalaba wenye jina. Sasa makaburi yamepandwa juu ya makaburi, mahali pengine watu wamelima mihindi. Nilizunguka na fimbo yangu hadi kijana wa pikipiki akaniuliza, "Papa, unatafuta nani?" Nikamtajia jina. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulitaja bila hadithi nyuma yake. Nililia mbele ya mtoto wa watu, naye kwa adabu akajifanya anakagua tairi.

Kwa hiyo sina habari njema ya kukupa umpelekee. Akikuuliza kama kaburi linapaliliwa, usimwambie ndiyo. Najua utataka kumwambia, una moyo mwepesi, na ingemtuliza. Ameshadanganywa vya kutosha kuhusu mtoto wake. Mwambie limetafutwa, halijaonekana, na anayelitafuta ataendelea.

Sikutumi kuniombea msamaha. Nilikuwa nimeandika hivyo hapa mwanzoni, nikachana karatasi, kwa sababu niliona namkabidhi mtu mwingine upande wangu wa jeneza. Nitakuja mwenyewe. Papa Muhindo anasema nikilazwa juu ya magunia ya unga nitafika, ila kabla ya mvua kubwa. Mama yako nitamwambia kesho lori likishakata kona. Na Jumapili kwenye shirika, watakaponipa neno, nitaisimulia ile hadithi tena jinsi ilivyokuwa. Sijui watanifanya nini. Nadhani wengi watakasirika zaidi kwa kunyang'anywa hadithi kuliko kwa alichotendewa yule mama. Yawezekana pia nikafika pale nikanyamaza. Nakuandikia hili ili nisiweze.

Kinachonikosesha amani ni wewe. Utavaa kifuani kile kibandiko chenye jina, Clarisse Numbi. Yeye huenda hasomi, macho yenyewe sijui kama anayo, lakini Kilwa si kubwa na watu watamwambia ametoka Lubumbashi muuguzi mpya. Atakuja, hata kama haumwi. Atauliza habari ya kaburi, kisha, kama wazee wote, atakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Nimetafuta njia ya kukukwepesha hapo. Ungeweza kutaja ukoo wa mama yako. Ungeweza kusema umezaliwa Likasi. Nimefikiri sana, baba anayetaka mtoto wake asipate aibu ana akili nyingi sana. Lakini nikikufundisha hilo, nitakuwa nimekukunja goti kwa mkono wangu kabla hujaanza hata kazi. Mwambie. Sema, miye ni mutoto wa Numbi, wa kambi ya reli. Sema uso kwa uso, na mshike mkono ukisema, kama atakubali.

Huenda asikubali. Huenda akakutemea mate mbele ya wagonjwa. Huenda akakaa kimya, akageuka na kuondoka taratibu na homa yake bila dawa, nawe ukabaki umesimama na sindano mkononi kwa kosa ambalo si lako. Huenda akakukumbatia, na nadhani hilo litakuwa gumu kuliko yote. Nilipaswa kuwepo mimi mahali hapo utakaposimama wewe, tangu zamani sana, na inaniuma kuliko mgongo.

Ningependa nikupe neno la kukushika wakati huo. Nimelitafuta mchana kutwa, na mama yako ameanza kuniita nije kula. Langu mwenyewe sina, mwanangu. Nina lile la kwake tu, aliloniambia nikiwa na mtoto wake begani, ambalo mimi sikulifuata.

Simama muzuri.

Papa yako,
Numbi